Jibu: Andiko limerudi na maoni 27, nilihamishe?

Daktari wa Kasulu, pole, ila hongera pia. Umesema andiko lako la utafiti wa malaria kwa wajawazito limerudi na maoni 27, wahakiki wawili (wataalamu wanaolipima kabla halijachapishwa) wanapingana, na unataka kulipeleka kwenye lile jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya siku 5 ukilipa. Usithubutu. Hao wanataka dola zako tu.

Uamuzi wa mhariri wa "marekebisho makubwa" si kukataliwa. Langu la kwanza, nikiwa Tabora, nililifungia kabatini miezi minne kwa hasira. Nilipolitoa nikakuta nusu ya maoni ni koma na majedwali!

Fungua faili jipya. Nakili kila hoja neno kwa neno, chini yake weka jibu, kisha taja ukurasa na mstari uliobadilisha. "Tumerekebisha" peke yake haitoshi. Anayetaka uongeze sampuli wakati data zimeshakusanywa, mweleze ulivyokokotoa idadi hiyo, halafu likiri kama udhaifu kwenye mjadala. Wanapopingana, chagua upande, toa sababu, mwandikie mhariri. Mwamuzi ni yeye. Na kwa kuwa ulipima hali ilivyo bila kumpa mtu tiba, pitia orodha ya STROBE, inayotaja mambo ambayo ripoti ya utafiti wa aina hiyo inapaswa kuwa nayo.

Hoja ya takwimu usiibabaishe, tafuta mtakwimu. Siku zikibana, omba nyongeza kabla tarehe haijapita. Hakikisha namba ya kibali cha maadili, cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au cha chuo chako, imo ndani ya andiko. Ikikosekana mhariri ataliweka kando hata kama majibu yako ni mazuri.