Damu ya kuku na ya punda si moja
Ndugu uliyeuliza kama damu ya kuku na ya punda ni sawa kwa vile zote nyekundu: la. Chembe nyekundu za kuku, na hata za samaki changu tunayemnunua hapa gatini Lamu, zina umbo la yai na kiini katikati. Kwenye hadubini utadhani macho yanakutazama. Za punda, kama zetu, ni visahani vya duara visivyo na kiini. Za mbuzi ni vijipunje, upana wa mikromita (sehemu ya milioni ya mita) 3 hadi 4 tu. Zetu 7 hadi 8. Ngamia ndiye kituko: chembe zake hazina kiini, lakini umbo ni la yai, na hazipasuki ovyo hata akigugumia maji baada ya kiu ya siku nyingi.