Mkanda umelinganishwa na nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi magari hapa Mwanjelwa, Mbeya, na nina vijana watatu ninaowafundisha kazi. Juzi nilimfungia mteja wa Uyole mkanda wa taimingi, ule wa meno unaozungusha sehemu za injini kwa pamoja, kwenye Hiace yake ya dizeli, nikaandika kwenye kadi ya kazi: "Mkanda ulikatwa. Mkanda mpya umefungwa na kulinganishwa." Mteja ni mwalimu mstaafu. Akaniuliza mbele ya vijana: mkanda ulikatwa na nani, na huo mpya umelinganishwa na nini? Akasema kulinganisha ni kutazama kipi kirefu na kipi kifupi, kwa hiyo ningeandika "umesawazishwa". Sisi gereji tunasema "kuseti taimingi", basi. Lipi ni sahihi? Ndaga fijo, asante sana.

JIBU: Marahaba, fundi. Mteja wako aliuliza vizuri mara zote mbili. Ila neno alilokupa badala ya lako halifai, na nitaeleza kwa nini, maana hapa sarufi na injini zinasema jambo moja.

Kulinganisha kumetokana na kulingana. Vitu vinavyolingana ni vitu vinavyokutana bila kupishana, vinavyochukuana. Ukikitia kitenzi hicho kauli ya kutendesha unapata linganisha, yaani kuvifanya vilingane. Maana ya kupima hiki kwa kile, aliyoishika mteja wako, ni sahihi pia: huwezi kujua kama viwili vinalingana mpaka umeviweka pamoja ukavitazama. Lakini si maana pekee. Fundi anayefunga mkanda wa taimingi anafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Anatazama, anasogeza, anatazama tena.

Anatazama nini? Hapo ndipo swali la mzee lilipokupata. Kinacholinganishwa si mkanda. Krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ina alama yake; puli, yaani gurudumu la meno, ya kamshafti, mhimili unaofungua valvu, ina alama yake; na kwenye bodi ya injini kuna alama za kuzipokea. Pistoni namba moja ikiwa juu kabisa, kila alama inatakiwa itazamane na mwenzake. Kwenye dizeli kama hiyo Hiace kuna na ya tatu, ya pampu ya dizeli, kwa kuwa mkanda huohuo ndio unaoizungusha. Mkanda wenyewe kazi yake ni kuzishikilia puli zisiachane baada ya wewe kuzipanga. Kwa hiyo ulipoandika "mkanda umelinganishwa" ulichagua kitenzi kizuri ukakipa mtendwa asiye wake. Andika "alama zimelinganishwa" na hakuna atakayekuuliza na nini, kwa sababu neno alama, likiwa katika wingi, limeshajibu: zenyewe kwa zenyewe.

Sasa kusawazisha. Ndani yake mna sawa. Tunasawazisha kiwanja kabla ya kujenga, tunasawazisha tairi ili usukani usitetemeke, tunasawazisha mizani. Kila mahali kuna kuondoa tofauti. Kwenye taimingi hakuna tofauti ya kuondoa, na fundi anayejaribu kuiondoa ataua injini. Krenki huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja. Ndiyo maana puli ya kamshafti ina meno mara mbili ya yale ya puli ya krenki. Haziko sawa na hazitakiwi kuwa sawa hata siku moja. Zinatakiwa kupatana, na kupatana si kufanana. Hilo watu wa Nyanda za Juu wanalijua sana kwenye ngoma: mapigo ya ngoma kubwa ni machache kuliko ya ndogo, na bado wachezaji hawapotezi hatua.

Ukitaka neno moja la kazi nzima, si la alama peke yake, mimi ningekupa kuoanisha. Limetoka kwenye oana, na tunalitumia kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja kila moja kwa mwendo wake: kuoanisha ratiba, kuoanisha maneno na vitendo. "Kuoanisha mzunguko wa krenki na wa kamshafti" ni sentensi ambayo kijana wako akiielewa ameielewa taimingi yenyewe. Kuseti si kosa mdomoni mwa fundi. Lakini fundi huseti saa, huseti breki. Neno hilo halimwambii mwanafunzi mkono wake unafanya nini. Na usiseme "alaimenti" hapa. Mteja atadhani umegusa matairi.

Twende kwenye "ulikatwa", ambako nadhani kuna jambo kubwa zaidi, kwa sababu kunaweza kuleta ugomvi wa pesa.

Kiswahili kimekupa njia tatu. Mkanda umekatwa: kuna mtu, au kitu, kilichoukata, hata kama hukitaji. Hiyo ndiyo kazi ya -wa. Inaacha kiti cha mtendaji wazi na msikilizaji anatafuta nani alikikalia. Mkanda umekatika: hali imetokea, mkanda umefikia mwisho wake. Kisha kuna ile ya gereji, "gari limekata mkanda", ambayo wengi wanaicheka na mimi siicheki. Tunasema redio imekata, simu imekata, na hakuna anayeelewa kwamba imeshika kisu. Kwa mazungumzo inatosha. Kwa maandishi, chagua kati ya -katwa na -katika kwa uangalifu wa daktari anayeandika sababu ya kifo.

Fikiria mkanda uliochakaa kwa umri. Watengenezaji wengi huelekeza ubadilishwe baada ya kilomita 100,000 hivi, na baadhi ya dizeli za Toyota zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka muda huo ukifika. Dereva asipoijali, mkanda ukamwachia katikati ya mlima wa Kitonga, huo umekatika. Lakini kama oili ilivuja kwenye sili ikaulainisha mpira, au boliti iliyosahaulika ndani ya kava ikaukwaruza mpaka ukaachana, hapo umekatwa, na mteja ana haki ya kuuliza na nani. Kwenye dizeli ya namna hiyo valvu hukutana na pistoni na kupinda, na gharama yake ni kubwa. Herufi chache za mwisho wa kitenzi zinaweza kuamua nani analipa. Ndiyo maana mzee wako hakuwa anakusumbua.

Vivyo hivyo kwa mkanda uliolegea na uliolegezwa. Wa kwanza ni wa uzee au wa puli ya kukazia iliyochoka. Wa pili umeguswa na mkono. Na mnaposema "umeruka jino", endeleeni. Sijaona namna nzuri zaidi ya kueleza mkanda uliohama kwa jino moja, injini ikawaka lakini haina nguvu, na gari likawa linalia kwenye mlima ambao jana lilipanda bila shida.

Mkanda au mshipi? Mkanda. Mshipi uachie kiuno na mvuvi. Ukanda ni eneo, kama ukanda wetu huu wa kusini. Taimingi liache lilivyo, ndilo muuza spea analolijua. Ila usiandike "mkanda umefungwa" peke yake, maana kwenye gari kuna mikanda mingine, na ule wa abiria pia hufungwa.

Kuna kitu kimoja ambacho kadi yako haikukitaja na ningependa vijana wako wakizoee kukiandika: kuzungusha krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa swichi. Mmoja hautoshi, kwa sababu kamshafti itakuwa imefika nusu tu. Alama zikirudi zinapotazamana, umelinganisha. Zisiporudi, bado unalinganisha.

Kadi ingesomeka hivi: "Mkanda wa taimingi ulikatika. Umefungwa mpya. Alama za krenki, kamshafti na pampu zimelinganishwa. Krenki imezungushwa kwa mkono mara mbili, alama zimerudi mahali pake."