Jibu: Kwa nini Mfereji wa Erie haukujengwa na serikali kuu?

Habari ndugu. Umekwama kwenye swali la kwa nini jimbo la New York, wala si serikali kuu ya Marekani, ndilo lililogharimia Mfereji wa Erie, njia ya maji ya kuchimbwa inayounganisha Ziwa Erie na Mto Hudson. Ninapofundisha mada hii huanza na Machi 3, 1817, siku ya mwisho ya Rais James Madison kutia saini miswada, alipoukataa mswada wa fedha za barabara na mifereji kwa hoja kwamba Katiba haikulipatia Bunge mamlaka hayo. Angalia hapo kwanza. Bila fedha hizo, jimbo, likihimizwa na mwanasiasa wake DeWitt Clinton, likakopa fedha na kuanza kuchimba Julai mwaka uleule. Mfereji ulipokamilika mwaka 1825, gharama ya kusafirisha tani moja kutoka Buffalo hadi jiji la New York, iliyokuwa karibu dola 100, ilishuka hadi kama dola 10, na nafaka nyingi ya magharibi ikapata njia nyingine badala ya kuteremshwa kwa Mto Mississippi hadi New Orleans. Tafadhali usiache kuandika kwamba njia hiyo ilipita katika ardhi ya Wairokwa, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliopokonywa sehemu kubwa yake kwa mikataba. Vitabu vya shule hulipita jambo hili haraka mno, nami naona si haki.