Watoto wote wanakimbilia mpira, mmoja hatoi pasi: nifanyeje kocha?

SWALI: Habari kocha. Mi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha basketi form one na two. Mpira ukianza wote wanaurundikia kama kumbikumbi kwenye taa, af kuna mmoja anajua kudribo kuliko wenzie, akishika hatoi. Seti, yaani ile mipango ya kushambulia ya kukariri, nimewafundisha ila kwenye mechi wanasahau zote.

JIBU: Salama mwalimu. Hizo seti ziweke pembeni kwanza, mtoto wa umri huo akishakabwa hakumbuki seti yoyote, mpe sheria mbili tatu tu za kushika hata akiwa amepaniki.

Mi ningeanza kwa kuwanyima dribo. Tatu kwa tatu, nusu uwanja, hakuna kudunda kabisa, ukishika mpira unapivoti (mguu mmoja haubanduki, unazunguka na mwingine), unatoa pasi au unashuti, basi. Mwanzoni itakuwa vurugu maana mwenye mpira hana pa kuupeleka na wenzie wamejificha nyuma ya difenda, hapo ndo unapuliza filimbi wote wagande palepale, unauliza nani hapa anaweza kupokea pasi? Wataanza kusogea wenyewe. Na huyo bingwa wako itabidi atoe, ingawa mara nyingi watoto wa hivyo sio wachoyo kivile, anaangalia haoni wa kumpa.

Sheria ya pili, ukitoa pasi usisimame, kata kwenda kwenye ringi, yaani kimbia ghafla bila mpira, ni ileile nipe nikupe ya kwenye soka. Makocha wengi hapa wanapita juujuu. Kabla ya kukata, mtoto apige hatua moja mbili upande asikoenda, difenda akihamia huko ndo anabadilisha na kupita mbele yake, mkono juu kuonyesha anataka mpira wapi, na kama difenda amejisogeza kuziba njia ya pasi basi apite mgongoni kwake. Asipopewa atoke aende kona iliyo wazi, asigande chini ya ringi, kwanza sheria ya sekunde tatu itamhusu, timu yake ikishambulia haruhusiwi kukaa zaidi ya hapo ndani ya boksi la chini ya ringi, pili anawazibia wenzie njia.

Kuhusu nafasi chukua chaki, weka alama tano kufuata mstari wa pointi tatu, juu kati moja, pembeni mbili, kona mbili. Aliyekata akiacha alama, jirani anasogea kuijaza. Huo mstari uko mita 6.75 kutoka kwenye ringi, kama mikono yao haina nguvu zisogeze alama ndani hatua moja au mbili, pasi ikikaa sana hewani inaibwa.

Wakizoea rudisha dribo, ila moja tu, na iwe ya kwenda ringini. Kwenye mechi za mazoezi goli la mtu aliyekata na kupewa lihesabu pointi 3, mengine yote 1, uone huyo bingwa atakavyoanza kutafuta watu. Wasichana wape mpira namba 6, namba 7 ni mkubwa kwa mikono yao, wataishia kurusha kutokea kiunoni.