Draiva Inagandisha Bodi? Angalia Fanksheni Zinarudisha Nini

Juzi kijana wa Mbagala kaniandikia WhatsApp: "Kaka, draiva inakompailika vizuri, nikiipakia tu bodi inaganda. Nimebadilisha bodi, waya, hadi chaji, wapi!" Draiva ni programu inayoiwezesha Linux kuzungumza na kifaa. Nikaomba msimbo wenyewe. Ameita devm_ioremap_resource, fanksheni inayoipa draiva anwani za kusomea kifaa, na jibu lake kaliita base. Chini yake kaandika if (!base), yaani "kama base ni tupu".

Hapo keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, imeliza wengi. devm_ioremap ikishindwa inarudisha NULL, yaani pointa (anwani ya kumbukumbu) iliyo tupu. Ndugu yake devm_ioremap_resource inarudisha namba ya kosa iliyovishwa sura ya pointa, na dawa yake ni IS_ERR, inayokagua kama pointa ni kosa. Ukiuliza if (!base) unapita bila kushtuka, halafu readl ya kwanza, yaani kusoma kifaa, inagonga anwani isiyokuwepo. Tuliporekebisha, logi ikasema -16, yaani EBUSY: draiva nyingine ilishazishika anwani zile. Bodi ilikuwa nzima muda wote. Kwenye IRQ, ishara ambayo kifaa kinamwita nayo prosesa, ni hivyohivyo: platform_get_irq ikishindwa inatoa namba hasi, irq_of_parse_and_map inatoa sifuri.

Mimi jambo hili linanigusa. Ofisi moja ya Kijitonyama tulikuwa tunaandika madraiva ya vipimajoto vya majokofu, na kila mtu ana fanksheni zake saidizi. Nikapendekeza zote zifuate utaratibu mmoja: sifuri ni salama, namba hasi ni kosa. Mkubwa akanijibu mbele ya watu kwamba mteja halipii usafi. Iliniuma, na bado inaniuma. Nikawa nabaki jioni, wenzangu wakishaondoka, nazipanga za kwangu moja baada ya nyingine. Ilipokuja bodi mpya, madraiva yangu yaliwaka siku ileile. Najivunia hilo, na nalisema wazi.

Kwa hiyo wadogo zangu, acheni kukisia. Kabla hujaita fanksheni, fungua faili lake usome maelezo yaliyo juu yake. Ukiandika ya kwako, shika utaratibu mmoja usiuache. Ndani ya probe, fanksheni ya draiva inayoitwa kifaa kinapopatikana, tumia dev_err_probe kila mahali. Ipo tangu 2020, inaandika kosa na kukurudishia namba yake, na haipigi kelele kama kifaa kinasubiri kingine. Na ukianza na fanksheni za devm_, ambazo keneli inaachia vitu vyake yenyewe, nenda nazo mpaka mwisho. Ukiomba IRQ kwa devm_request_irq halafu ukaachia kumbukumbu kwa mkono, kwa kfree, ndani ya remove (fanksheni inayoitwa draiva inapotolewa), IRQ bado iko hai, kwa sababu devm_ inaachia vitu vyake baada ya remove kumaliza. Ikilia katikati hapo, hendla, yaani fanksheni yako inayoijibu IRQ, inasoma kumbukumbu ambayo si yako tena.