Mwalimu wa mazoezi: lipia vipindi vichache kwanza

Dada, unauliza kama umlipe mwalimu wa mazoezi: umemaliza miezi mitatu jimu, uzito wako uleule, na kiuno kinauma ukinyanyua chuma. Hapo mwalimu atakufaa, ila usimlipe mwaka mzima. Mimi nilikuwa nanyanyua mgongo umepinda kama upinde bila kujijua. Mwalimu wangu alinipa mpini wa ufagio nijifunzie kuinama wiki nzima, chuma marufuku (niliona aibu kweli), mpaka nikajua kusukuma makalio nyuma badala ya kupinda mgongo.

Lipia vipindi 8 hivi. Aandike kwenye daftari uzito unaonyanyua na raundi za kila siku, kisha endelea mwenyewe. Akianza kukuuzia vidonge vya kukata tumbo, kimbia.

Lakini maumivu yakishuka mguuni au ukihisi ganzi, acha chuma, muone daktari kwanza.