Stesheni kuukuu kuwa nyumba ya wageni: majibu kwa wasomaji wa Moshi na Arusha

Kuna stesheni ndogo kati ya Moshi na Arusha. Milango imeng'olewa na popo wamejaa darini. Mwenyekiti wetu anasema haina mwenyewe. Je, naweza kuikodi kwake nikaweka vyumba sita vya wageni? – Msomaji, Boma Ng'ombe

Usitoe hata shilingi kwanza. Stesheni iliyoachwa ina mwenyewe, naye ni Shirika la Reli Tanzania, lililoundwa chini ya Sheria ya Reli ya mwaka 2017. Hilo ndilo la kuandikiana nalo mkataba. Wala njia hiyo haijafa: treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019, na Arusha Oktoba 2020. Hifadhi ya reli, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya njia, ni mita 15 kila upande kutoka katikati ya njia mjini, na mita 30 vijijini, kwa hiyo jengo lenyewe limo ndani ya hifadhi. Jiko la nje, maegesho na shimo la maji taka vipimwe kwa utepe kabla mchoraji hajashika kalamu. Mkataba useme nani anatengeneza paa, na ni miaka mingapi. Wa miaka mitatu hautarudisha hata gharama ya mabati.

Kinyesi cha popo kilowesheni maji kabla ya kukizoa, na wafagiaji wavae barakoa nzuri, maana vumbi lake huumiza mapafu.

Jambo dogo: reli ilifika Moshi mwaka 1911 enzi za Wajerumani, lakini Arusha ilifika 1929 chini ya Waingereza. Stesheni yako basi usiwaambie wageni ni ya Mjerumani.

Tulipiga plasta ya saruji kwenye kuta za mawe za stesheni ya zamani. Baada ya masika moja imevimba na kubanduka, na unga mweupe unatoka. Fundi anataka kuongeza saruji. – Msomaji, Majengo, Moshi

Fundi akiongeza saruji, mtabandua tena mwakani. Mawe hayo yamejengwa kwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga, ambao hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji inauziba. Maji hubaki ndani ya ukuta, hupanda, na chumvi yake huganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Ndio huo unga mweupe.

Anzeni nje. Tazameni mfereji wa bati, na kama ardhi imepanda kwa miaka ya kokoto na takataka hadi kuzidi sakafu. Ichimbeni ishuke sentimita 15 hadi 20 chini ya usawa wa sakafu, mteremko uelekee mbali na ukuta. Kisha bandueni saruji yote hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu. Mkiosha kwa maji, mnairudisha ndani.

Hapo ndipo wengi hukosa subira. Ukuta hukauka takriban milimita 25 kwa mwezi. Wenye unene wa milimita 450, ukikauka pande zote mbili, unahitaji kama miezi tisa. Paa likiwa zima, kazi nyingine ziendelee huku ukuta ukipumua.

Mchanganyiko ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga wa mto, mkavu na usio na udongo. Chokaa iwe ya kujengea, iliyochomwa. Ile ya kilimo ni mawe yaliyosagwa tu, haigandi kamwe, na mara nyingi hununuliwa kwa makosa kwa sababu ni rahisi. Ya kujengea ilowekeni kwenye pipa hadi iwe kama uji mzito, ikae siku kadhaa na maji juu yake. Kwa ukuta wa nje unaopigwa na mvua, ongezeni nusu ndoo ya pozolana laini (unga wa mawe ya volkano) kwa kila ndoo ya chokaa. Inachimbwa Holili, si mbali na kwenu.

Ukuta wa mita 60 za mraba, plasta ya milimita 20, unakula lita 1,200 za mchanganyiko: ndoo 60 za lita 20 za mchanga na 20 za chokaa, kwa kuwa chokaa hujaa kwenye nafasi kati ya chembe za mchanga. Ongezeni kidogo kwa ajili ya upotevu. Pigeni safu mbili za milimita 10, ukuta ukiwa umelowa, mkiacha kama wiki moja kati yake. Jua la Moshi likiipata mbichi itapasuka, kwa hiyo tundikeni magunia yenye maji. Vaeni miwani. Mwisho pakeni chokaa. Rangi ya plastiki inaziba ukuta kama saruji.

Nimeuziwa mataruma ya mbao ya reli kwa ajili ya vitanda. Yanafaa? – Msomaji, Usa River

Hayafai. Yamelowekwa kreosoti, dawa ya lami ya kuhifadhi mbao, ambayo chumba kikipata joto hutoa harufu, na ngozi huwashwa. Tena, kama huna hati ya mauzo, ukikutwa nayo wewe ndiye utakayeulizwa.

Vyumba sita, heita za bafuni za papo hapo ngapi kwenye umeme wa kawaida? – Msomaji, Njiro

Kila moja hula kilowati 5, yaani ampea karibu 22 kwenye volti 230. Wageni sita wakioga saa kumi na mbili asubuhi ni kilowati 30, ampea 130. Laini ya fezi moja haibebi. Tumia paneli za jua za kuchemsha maji, na heita moja ya akiba. Nyaya zipite kwenye mabomba juu ya ukuta, usichimbe mawe.

Maji ya kisima cha Njiro pima floridi, madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi, kabla ya kuwapa wageni. Kiwango ni miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya maeneo ya volkano ya Meru mara nyingi hukivuka. Chujio la mkaa wa mifupa, lililofanyiwa utafiti kwenye kituo cha Ngurdoto, hupunguza floridi, lakini mkaa huchoka, hivyo endelea kupima.